KUVU NA MWENYEJI WAKE: NAFASI ZA UTAFITI KWA WENYE SHAHADA YA UZAMIVU

(Mazungumzo ya Afisa Habari mbele ya watumishi wa Serikali na wananchi)



Mimi si mwanasayansi. Kazi yangu ni kupasha habari. Habari niliyokuja nayo leo ni kwamba zipo nafasi, nchi za ng'ambo na hapa hapa Afrika, kwa vijana waliokwisha kupata shahada ya uzamivu, za kwenda kufanya utafiti juu ya namna kuvu zinavyoingilia viumbe vingine na kuvitia maradhi. Nitaeleza kwanza kwa nini elimu hiyo inatuhusu, kisha nafasi zenyewe zilivyo, na mwisho nitasema na sisi wenyewe tulio maofisini.

Ndugu wananchi, hapana haja ya kwenda mbali kutafuta mfano. Wazee wetu wa mashamba ya Unguja walitusimulia maradhi ya mikarafuu yaliyojulikana kwa jina la kufa ghafla. Mkarafuu uliosimama mzima uligeuka rangi, ukapukutisha majani na kukauka kwa muda mfupi, na mwenye shamba asijue amekosa nini. Mwanzoni mwa miaka ya 1950 watafiti wawili, Nutman na Roberts, walieleza kwamba chanzo chake ni kuvu waliyoipa jina la Valsa eugeniae, ambayo hushambulia mizizi. Jani ndilo lililotoa habari, lakini adui alikuwa chini ya ardhi. Aliyelitazama jani peke yake asingejua wa kumpiga vita. Mdharau mwiba mguu huota tende.

Chukueni mfano wa pili, mpunga, ambao ndio chakula chetu cha kila siku. Miongoni mwa maradhi yake makubwa duniani ni blasti, yaletwayo na kuvu iitwayo Magnaporthe oryzae. Mkulima huyajua kwa madoa yenye umbo la jicho, katikati kijivu na pembeni hudhurungi. Yakifika kwenye shingo ya suke, suke huinama au hukatika, na ndani ya makapi hamna kitu.

Wataalamu wamechunguza namna kuvu hiyo inavyoingia, na maelezo yao yanastaajabisha. Mbegu moja ya kuvu, iitwayo spora, isiyoonekana kwa macho, huangukia jani lenye umande. Hujigandisha hapo, hutoa kimrija, na ncha ya kimrija hicho huvimba ikawa mfano wa kuba. Ukuta wa kuba hilo huwekwa utando wa rangi nyeusi ya melanini; ndani hujaa gliseroli, maji yakavutwa kuingia, hata shinikizo likafikia megapaskali 8, yaani takriban mara 40 ya upepo uliomo katika tairi la motokaa. Kwa nguvu hizo kuvu hulitoboa jani kama msumari. Kipimo hicho cha shinikizo kilitangazwa mwaka 1991, na kazi ya gliseroli ilielezwa mwaka 1997.

Hata hivyo, mwenyeji naye hakulala. Ndani ya seli za mmea mna vipokezi vinavyofanya kazi mfano wa bawabu. Kuvu hupenyeza protini zake ndani ya seli ili kumpumbaza bawabu huyo. Akizitambua, seli iliyoingiliwa hujiua yenyewe, na kuvu ikazuiwa pale pale ilipoingia. Asipozitambua, shamba zima limo hatarini. Mmarekani Harold Flor, aliyechunguza mmea wa kitani na maradhi yake ya kutu, alionyesha katika miaka ya 1940 kwamba jeni ya ukinzani katika mmea ina mwenzake katika kuvu, mfano wa kufuli na ufunguo wake.

Tangu hapo elimu hii imekwenda mbali. Mwaka 2005 mpangilio wa jeni za kuvu ya blasti ulichapishwa. Mwaka 2015 watafiti walionyesha umbo la protini moja ya kuvu hiyo ikiwa imeshikana na sehemu ya kipokezi cha mpunga. Mwaka 2019, huko Norwich, Uingereza, walikibadilisha kipokezi hicho kwa kiasi kidogo tu, kikaweza kutambua protini ambazo hapo awali zilikuwa zikikipita. Ukiona vyaelea, vimeundwa. Mkulima anapopewa mbegu inayostahimili maradhi, nyuma yake ipo kazi ya miaka mingi ya watu waliokaa na kuvu na mwenyeji wake wakiyasoma mapambano yao.

Aidha, mambo haya si ya mashamba peke yake. Mwezi wa Oktoba 2022 Shirika la Afya Duniani lilitoa orodha ya kwanza ya kuvu 19 zinazostahili kupewa umuhimu katika utafiti wa maradhi ya binadamu. Nne kati ya hizo ziliwekwa katika daraja la hatari zaidi, na mojawapo ni Cryptococcus neoformans, iletayo homa ya uti wa mgongo, hasa kwa watu ambao kinga yao imedhoofishwa na virusi vya UKIMWI.

Pengine mtaniuliza: je, mtu mmoja aliyesoma mambo haya anaweza kuifaa nchi? Jibu nalipata Bangladesh. Mwaka 1985 kuvu ya blasti ilionekana kwa mara ya kwanza katika ngano huko Brazil. Mwaka 2016 maradhi hayo yalizuka Bangladesh, ambako hayakuwahi kuonekana, na yakaingia katika takriban hekta 15,000 za ngano. Nchi hiyo ilikuwa na mtaalamu wake, Profesa Tofazzal Islam, aliyepata shahada ya uzamivu Hokkaido, Japani, na baadaye akafanya utafiti Ujerumani kwa ufadhili wa Humboldt. Yeye na wenzake walikusanya majani yenye maradhi, wakashirikiana na wanasayansi wa Norwich na kwingineko, na habari za jeni zikawekwa wazi kwa dunia nzima. Ikabainika kwamba kuvu ile ilikuwa na nasaba na ile ya Amerika ya Kusini. Mwaka 2018 blasti ya ngano ikaonekana Zambia. Bahari haiizuii kuvu. Kinachotofautisha nchi na nchi ni kama siku inapoingia yupo mtu wa kuitambua, na kama mtu huyo anao wenzake wa kuwapigia simu.

Sasa nije kwenye nafasi zenyewe. Wengi wetu hudhani kwamba mwenye shahada ya uzamivu amemaliza safari. Kwa mwanasayansi, hapo ndipo anapokabidhiwa jembe. Utafiti wa baada ya uzamivu ni kazi ya muda, mara nyingi miaka miwili au mitatu, ambapo mtafiti hufanya kazi katika maabara iliyokamilika, hulipwa mshahara au posho ya kujikimu, na hujifunza kuongoza uchunguzi wake mwenyewe. Huyu si mwanafunzi tena, wala hatafuti cheti kingine.

Njia za kuingia ni mbili. Ya kwanza ni kuajiriwa na maabara iliyotangaza nafasi. Kazi ya aina hii hufanywa katika taasisi kama vile Maabara ya Sainsbury na Kituo cha John Innes, zote za Norwich, na katika Chuo Kikuu cha Exeter, ambacho kituo chake cha kuvu za maradhi ya binadamu kina tawi katika Chuo Kikuu cha Cape Town, Afrika ya Kusini. Njia ya pili ni mtafiti kuomba ufadhili kwa jina lake. Umoja wa Ulaya unao mpango wa Marie Skłodowska-Curie, ambao hupokea watafiti wa mataifa yote wanaokwenda kufanya kazi Ulaya. Ujerumani unao Mfuko wa Alexander von Humboldt, na Japani ina Shirika la Kuendeleza Sayansi, JSPS.

Kwa njia hii ya pili, mwombaji hutakiwa kwanza kumpata mwenyeji, yaani mtaalamu atakayekubali kumpokea. Hivyo basi, asingoje tangazo. Asome kazi za mtaalamu huyo, amwandikie barua fupi inayotaja swali analotaka kulichunguza, na aeleze lile ambalo yeye analo na wenyeji wake hawana: sampuli, uzoefu wa mashamba ya kwetu, ujuzi wa maradhi ya huku. Aidha, aangalie kwa makini miaka iliyopita tangu apate shahada, kwani wafadhili wengi huweka kikomo, na kila mfadhili ana masharti yake ya mwaka husika.

Ndugu watumishi wenzangu, nakuombeni radhi kwa nitakalolisema. Alinijia kijana mmoja mkononi ana barua ya mtaalamu wa nje aliyekubali kumpokea. Kilichokosekana ni barua ya ruhusa kutoka ofisi yake, ambayo sitaitaja. Faili lilikwenda meza hii likarudi meza ile. Barua ilipotoka ilikuwa imeandikwa vizuri, ina muhuri na sahihi, na siku ya mwisho ya maombi ilikuwa imepita siku tisa. Alinishukuru kwa kumsikiliza, akaenda zake. Sikuwa na la kumwambia, kwa sababu wakati mmoja faili lile lilipita mezani kwangu pia, nami nililiweka kando hadi Jumatatu. Chelewa chelewa utamkuta mwana si wako.

Kwa hiyo ninayo maombi matatu. Kwa wakuu wa idara: barua ya ruhusa ya masomo au utafiti ijibiwe mapema, iwe ndiyo au hapana, na anayekwenda awekewe nafasi yake wazi kwa maandishi. Kwa wazee: msimzuie kijana, mwanamume wala mwanamke, kwa kusema amesoma vya kutosha. Kwa vijana wenyewe: mkipata, rudini na elimu hiyo, au angalau msikate mawasiliano na Kizimbani, na vyuo vyetu, na hospitali zetu.

Mkarafuu uliokufa hausemi uliuliwa na nini. Lazima awepo wa kuusemea, na mtu huyo hafunzwi kwa siku moja.