Soma Namba Kabla ya Kufunga Tela

Natumaini mmekwisha kaa, na kila mmoja ana daftari na kalamu. Mwalimu wa darasa, tafadhali andika ubaoni namba hizi nne: 2,500, 1,500, 750 na 250. Tutazihitaji baadaye.

Somo la leo ni juu ya kufunga chuma cha kuvutia tela nyuma ya pikapu. Labda wewe huna pikapu. Lakini labda chama chenu cha ushirika kinayo, au mahindi yako huchukuliwa na gari la jirani, au mtoto wako hutembea kando ya barabara ambako matela hupita. Basi jambo hili ni lako pia.

Kwanza nitawapa kisa. Miaka kadhaa iliyopita tulikuwa tukipeleka madawati na vitabu vya darasa kama hili lenu. Pikapu tulikuwa nayo, tela tuliliazima. Nyuma ya gari palikuwa na gololi kubwa ya chuma, na mbele ya tela palikuwa na kikombe cha chuma cha kuikalia gololi ile. Tukafunga, tukaondoka. Tulipopiga shimo barabarani, tela liliruka likaachana na gari, likaenda peke yake mpaka mtaroni. Muda mfupi kabla ya hapo, njia ile ya kando ilikuwa imejaa watu watokao sokoni. Siku ile hakuumia mtu.

Nilipoinama kutazama, nikaona kosa letu. Juu ya gololi palipigwa chapa 1⅞, yaani inchi moja na sehemu saba za nane. Hizo ni kama milimita 47.6. Juu ya kikombe palipigwa chapa 50, yaani milimita 50. Gololi ilikuwa ndogo kuliko kikombe chake kwa milimita mbili na kidogo. Mimi najua kusoma, dereva anajua kusoma, na fundi aliyetufungia anajua kusoma. Namba zilikuwa wazi machoni petu, wala hakuna aliyezisoma.

Sasa tuitazame kazi yenyewe, hatua kwa hatua.

Kwanza, chuma cha kuvutia hufungwa kwenye chesisi, yaani ule mfupa mkubwa wa gari ulio chini. Hakifungwi kwenye bampa peke yake. Kitumie matundu yaliyowekwa na watengenezaji wa gari. Usikubali fundi akichomelee tu mahali popote, kwa maana moto wa kuchomelea waweza kuudhoofisha mfupa huo.

Pili, tazama vichwa vya bolti. Bolti imara ina chapa juu ya kichwa, kwa mfano 8.8. Bolti isiyo na chapa yoyote haifai kwa kazi hii. Baada ya safari fupi ya kwanza, rudia kuzikaza, kwa sababu chuma kipya hujikalisha mahali pake.

Tatu, soma chapa ya gololi na chapa ya kikombe. Zilingane. Kisha fanya jaribio hili: funga kikombe, weka jeki chini ya mkono wa tela, uinue kidogo. Sehemu ya nyuma ya pikapu ikiinuka pamoja na tela, kikombe kimeshika. Tela likiinuka peke yake, hakikushika.

Nne, funga minyororo miwili, ukiipitisha kama msalaba chini ya mkono wa tela. Kikombe kikitoka, mkono utaikalia minyororo, hautachimba ardhi. Iwe mirefu ya kutosha gari likate kona, lakini isiburuzwe chini.

Tano, unga taa. Dereva wa nyuma yako hazioni taa za pikapu. Huona za tela tu. Taa za tela zikififia, au moja ikiwaka mahali pa nyingine, mara nyingi kosa liko kwenye waya unaorudisha umeme kwenye mwili wa gari. Ondoa kutu na rangi mahali unapofungwa, uukaze tena.

Sasa turudi ubaoni. Pikapu yetu ya mfano yaweza kuvuta kilo 2,500, ikiwa tela lina breki zake lenyewe. Chuma cha kuvutia kina kibao kilichoandikwa kilo 1,500. Lakini tela letu halina breki, na kwa tela la namna hiyo kitabu cha gari chasema kilo 750 tu. Tela likiwa tupu lina uzito wa kilo 250.

Je, twaweza kupakia kiasi gani? Yafuate maneno haya: namba ndogo ndiyo inayoamuru. Namba ndogo ya kuvuta ni 750. Toa 250, uzito wa tela. Zimebaki 500. Magunia ya kilo 100 ni matano, hayazidi.

Najua mtaambiwa, "Ongeza tu, gari hili ni la nguvu." Mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi. Anayesema hivyo hatakuwa kwenye usukani mtakapoteremka mlima wa Kitonga, tela likilisukuma gari kwa nyuma.

Magunia hayo yapangwe mengi zaidi mbele ya ekseli kuliko nyuma yake, ili uzito kiasi uikalie gololi. Mzigo ukirundikwa nyuma, tela huyumba kama mkia. Uzito unaoikalia gololi nao una kikomo chake kibaoni, usome pia.

Kazi ya nyumbani ni hii. Nenda kwenye pikapu yoyote yenye chuma cha kuvutia. Mwombe mwenyewe ruhusa. Andika kila namba unayoiona: kwenye kibao, kwenye gololi, na kwenye vichwa vya bolti. Pale pasipo na namba, andika "hakuna", kisha umwambie mwenye gari ulichokiona. Huenda hajapata kutazama hata mara moja.

Mwalimu wenu atayasahihisha madaftari siku ya somo lijalo. Kwaherini, wanafunzi wapenzi.