Kazi ya Mwisho Ifanywe Kama ya Kwanza

(Mazungumzo na vijana baada ya swala ya Alasiri)



Ndugu zangu wapendwa, kaka na dada, mada yetu ya leo huenda ikawashangaza baadhi yenu. Tutazungumza juu ya roketi. Najua kuna atakayejiuliza, sisi na roketi wapi na wapi? Hebu nivumilieni kidogo, manake ndani yake mna jambo linalomhusu kila kijana aliyekaa hapa, awe yuko shuleni, yuko kazini, au bado anatafuta.

Ijumaa ya tarehe 8 Julai 2011, zikiwa zimebaki wiki tatu hivi tuingie Ramadhan ya mwaka ule, chombo cha angani kiitwacho Atlantis kiliruka kutoka Florida, Marekani. Kule ilikuwa saa tano na dakika 29 asubuhi. Hapa kwetu ilikuwa saa kumi na mbili na dakika 29 jioni, wakati wa Magharibi. Watu waliojaa fukweni na kando ya barabara za kule kutazama walikadiriwa kuwa karibu milioni moja. Wako waliolala nje usiku kucha ili wapate nafasi nzuri. Walikuja kwa wingi hivyo kwa sababu ile ilikuwa mara ya mwisho.

Mpango wenyewe uliitwa Space Shuttle. Neno shuttle mwalijua, ni yale magari ya abiria yaendayo mji wa pili na kurudi. Maana ni hiyo hiyo. Roketi za zamani zilitumika mara moja, basi. Hiki kilipaa kama roketi, kikarudi kutua uwanjani kama ndege, kisha kikatengenezwa kiende tena. Safari ya kwanza ilikuwa tarehe 12 Aprili 1981, chombo Columbia, kikiwa na watu wawili tu, John Young na Robert Crippen. Hii ya Atlantis ilikuwa safari ya 135. Katika miaka hiyo 30 vyombo hivi vilipeleka darubini kubwa ya Hubble na vikabeba sehemu nyingi za Kituo cha Kimataifa cha Anga. Na mwezi wa Juni 1985, katika siku za mwisho za Ramadhan, chombo Discovery kilimbeba kijana wa miaka 28 kutoka Saudia, Sultan bin Salman, Mwislamu wa kwanza kufika angani.

Lakini si safari zote zilizorudi. Tarehe 28 Januari 1986 chombo Challenger kilivunjika sekunde 73 tu baada ya kuruka, na watu wote saba wakafa. Usiku wa kuamkia siku ile, wahandisi wa kampuni iliyotengeneza roketi za pembeni walisema: baridi imezidi, mipira inayoziba maungio itashindwa kufanya kazi, tusirushe. Wakubwa wao wakawapinga. Asubuhi wakarusha. Halafu tarehe 1 Februari 2003 Columbia kikavunjika kikiwa njiani kurudi nyumbani. Wakati wa kuruka, kipande cha povu gumu la kuzuia joto kilichomoka kwenye tangi kikapiga bawa la kushoto. Wahandisi waliomba picha zipigwe ili walitazame lile bawa. Ombi lao halikufuatiliwa. Watu saba wengine wakapotea. Jumla ni watu 14, na mara zote mbili alikuwepo mtu aliyeona hatari na kusema, wenye amri wasimsikilize.

Sasa turudi kwenye siku ile ya Julai. Wataalamu wa hali ya hewa walikuwa wamesema kuna uwezekano wa asilimia 30 tu wa chombo kuruka. Mawingu yakafunguka kidogo. Saa ikahesabu kurudi nyuma, watu wamesimama, kamera ziko tayari. Zikiwa zimebaki sekunde 31, saa ikasimama.

Kulikuwa na nini? Kuna mkono mrefu wa chuma unaofunika ncha ya tangi la mafuta. Lazima uondolewe kando kabla ya chombo kuruka. Mtambo haukupata ishara kwamba ule mkono umefika mwisho wake na kujifunga. Hebu fikiria hali ilivyokuwa. Ndani wamelala chali watu wanne: Chris Ferguson, Doug Hurley, Sandra Magnus na Rex Walheim. Chini yao mna uzito wa takriban tani 2,000, sehemu kubwa yake ni mafuta. Nafasi ya kuruka siku ile ni dakika chache, ikipita mpaka siku nyingine. Dunia nzima yatazama. Hapo mtu angeweza kusema, "Aah, si umeshatoka huo, mwauona wenyewe, twendeni!" Hawakusema hivyo. Waligeuza kamera, wakautazama mkono wenyewe, wakahakikisha kwamba kweli umekaa mahali pake. Ndipo saa ikaendelea. Ilichukua dakika mbili na kitu. Baadaye kidogo chombo kikapaa, kikazama mawinguni, na baada ya dakika nane na nusu kilikuwa kimeshafika kwenye mzunguko wake juu ya dunia.

Vijana wenzangu, kwangu mimi kuna jambo kubwa zaidi ya hilo. Wale waliokuwa wakikaza nati na kupima mabomba ya chombo kile, wengi wao walijua kwamba kikirudi salama, wao hawana kazi. Tangu Januari 2004 ilitangazwa kwamba vyombo hivi vitastaafishwa. Atlantis kilitua salama alfajiri ya tarehe 21 Julai 2011, na maelfu ya wafanyakazi wa kule wakapoteza ajira. Yaani mtu anakagua kazi yake mara mbili, mara tatu, kwa ajili ya safari ambayo ikimalizika, barua ya kuachishwa kazi yamngoja. Sisi je? Kandarasi ikibaki wiki mbili, mtu ameshaanza kuchelewa. Akipewa notisi, yuko kazini lakini hafanyi kazi. Fundi akishalipwa pesa zake nyingi, nyaya za chumba cha mwisho anazifunga ovyo. Na atakayelala chumba kile ni mtoto wa mtu.

Basi tutoke hapa na mambo matatu.

Kwanza, usiache kuhakikisha kwa sababu watu wanangoja. Wakingoja dakika mbili hakuna aliyepungukiwa. Awe ni dereva wa basi la safari ndefu, muuguzi anayepima dawa au mwanafunzi mwenye karatasi yake ya mwisho ya mtihani, dakika mbili za kutazama tena si hasara.

Pili, ukiona kasoro sema, na ukiambiwa sikiliza. Hili nawaambia hasa nyinyi mtakaokuwa viongozi, hata kama ni wa kikundi cha watu kumi. Siku ile ya 2011 saa ilisimama na kila mtu akakubali isimame. Mwaka 1986 hawakukubali. Tofauti yake ni watu saba kurudi nyumbani kwao.

Tatu, kabidhi vizuri. Wale wanne waliacha kwenye Kituo cha Kimataifa bendera ndogo ya nchi yao, ile iliyosafiri na Columbia mwaka 1981. Makubaliano yalikuwa kwamba ichukuliwe na watu watakaorushwa tena kutoka Marekani. Ilikaa pale karibu miaka tisa, Wamarekani wakipanda vyombo vya Warusi. Tarehe 30 Mei 2020 chombo kipya cha kampuni ya SpaceX kiliruka na watu wawili, Bob Behnken na Doug Hurley. Ndiyo, Hurley yule yule rubani wa safari ya mwisho, na kutoka jukwaa lile lile la kurushia. Wakaikuta bendera imetunzwa, wakarudi nayo Agosti mwaka huo. Sasa wewe mweka hazina wa chama unayemaliza muda wako, daftari liko wapi? Risiti ziko wapi? Anayekuja atakuta nini?

Nasi tumo katika mwezi ambao siku zake za kwanza misikiti hujaa mpaka barazani, na kadiri unavyokwenda safu zinapungua. Kila mmoja ajiangalie mwenyewe kumi hili la mwisho litamkuta wapi.

Mwenye swali alilete, muda wa kufuturu bado.

Wabillahi tawfiq. Wassalaamu alaykum warahmatullahi wabarakatuh.