Kompyuta ya Injini Siyo Skrubu ya Pampu

(Mazungumzo yaliyotolewa na Mkaguzi wa Vyama vya Ushirika katika mafunzo ya wajumbe wa bodi, mameneja na madereva wa vyama vya msingi)

Ndugu Mwenyekiti, ndugu wajumbe wa bodi, ndugu mameneja, nanyi ndugu madereva ambao mara nyingi husahauliwa katika mikutano kama hii,

Barua niliyoandikiwa ilinitaka nieleze utunzaji wa daftari la safari za gari. Nitalieleza, lakini kwa njia ya kuzunguka kidogo, kwa sababu ni daftari hilo hilo lililonionyesha jambo ambalo sikulijua hapo kwanza, na ambalo sasa naliona likiingia katika vyama vyetu. Nalo ni desturi ya kuandika upya programu ya kompyuta ya injini, kwa mikono yetu wenyewe, kwa kutumia waya ulionunuliwa kwa bei rahisi na faili lililopatikana katika intaneti. Vijana wetu huiita rimapu. Kompyuta yenyewe mafundi huiita kontroli boksi.

Mimi si mhandisi, na fizikia yangu iliishia kidato cha nne. Niyasemayo nimeyapata kwa kuuliza mafundi, na kwa kusimama kando ya injini iliyofunguliwa.

Chama kimoja cha kahawa, ambacho sitakitaja jina, kilikuwa na pikapu ya dizeli yenye injini ya lita 3. Gari hilo lilianza kuwa zito katika kupanda milima. Dereva alilalamika, na malalamiko yake yalikuwa ya haki. Akatokea kijana mwenye kompyuta ya mkononi, akasema kwamba watengenezaji huzifunga nguvu za injini makusudi, naye anajua kuzifungua. Akalipwa shilingi 350,000. Hapakuwa na azimio la bodi, na stakabadhi ikaandikwa "sevisi". Nilipofika kukagua robo ile niliiona hati hiyo ya malipo, nikaipitisha. Kosa hilo ni langu, wala simsukumii mtu mwingine.

Kwa miezi miwili kila mtu alifurahi. Gari lilipanda mlima kwa gia ya tatu mahali lilipokuwa likiomba ya pili. Moshi mweusi ulionekana nyuma, lakini wakasema huo ndio moshi wa nguvu. Dereva alinionyesha kwa fahari kidirisha cha dashibodi kilichosema kwamba gari sasa linakwenda kilomita 12 kwa lita moja, hali zamani lilikwenda 11. Nikafungua daftari la safari. Mwezi ule pikapu ilikwenda kilomita 2,700 na kutiwa lita 300 za dizeli. Hizo ni kilomita 9 kwa lita. Kwa mwendo wa zamani zingetosha lita 245.

Nilidhani kwamba dizeli inaibwa. Nilimhoji dereva kwa maneno makali, na baadaye ilinibidi nimwombe radhi. Dizeli haikuibwa, iliunguzwa. Kidirisha kile hakina chombo cha kupimia mafuta yanayopita. Hupiga hesabu kwa kufuata amri ambayo kompyuta inaamini kuwa imetoa. Mtu akishabadili majedwali ya kompyuta, ili nozeli zikae wazi muda mrefu zaidi huku hesabu ikibaki ya zamani, basi kidirisha nacho husema uongo bila kujua. Ni sawasawa na karani anayesoma mizani iliyochezewa.

Hapa yafaa nieleze kidogo kompyuta hiyo inafanya nini. Wazee wenzangu wanakumbuka pampu ya dizeli ya zamani yenye skrubu. Fundi alizungusha skrubu, akatazama moshi, akairudisha akiona amezidisha. Kazi ilionekana kwa macho. Kuanzia miaka ya 1990 zilianza kuingia injini ambazo mafuta hukaa tayari katika bomba moja la pamoja, chini ya mkandamizo mkubwa mno, ambao katika injini nyingi hufika bar 1,600 na kupita. Tairi la gari dogo, kwa kulinganisha, hupata bar 2 hivi. Injini ikizunguka mara 3,000 kwa dakika, kila silinda hupokea mafuta mara 25 kwa sekunde moja, na kompyuta huamua kila mara ni kiasi gani na kwa wakati gani. Huamua hivyo baada ya kusoma hewa inayoingia, mkandamizo wa turbo, joto, mwendo wa injini na mguu wa dereva, kisha hutazama majedwali yenye maelfu ya tarakimu. Ndani ya majedwali hayo kuna mipaka: mpaka wa moshi, mpaka wa nguvu zinazoruhusiwa kufika kwenye klachi na gia boksi, mpaka wa mkandamizo wa turbo. Anayefanya rimapu hubadili tarakimu hizo.

Je, ni uongo kwamba watengenezaji wameacha nguvu pembeni? La, si uongo. Wameacha. Lakini wameiacha kwa ajili ya siku ya joto kali, mafuta mabaya, chujio la hewa lililojaa vumbi, mzigo uliozidi, na injini iliyochakaa. Ninyi ni wanaushirika, nadhani mnanielewa upesi. Sheria inatutaka tuweke akiba kabla ya kugawana ziada. Anayeichukua akiba ile na kuigawa atapendwa sana mwaka wa kwanza. Nasi tunaoishi milimani tumekwisha kutumia sehemu ya akiba ya injini bila kugusa kitu, maana hewa ya huku juu ni nyepesi, na turbo hulazimika kuzunguka kwa kasi zaidi ili kuleta hewa ile ile.

Sasa nirudi kwenye pikapu yetu. Mwezi wa Septemba, katikati ya msimu, ikiwa na gunia za kahawa ya maganda, ilikufa mlimani. Injini ilinoki. Ilipofunguliwa, pistoni ya silinda ya tatu ilikuwa imeyeyuka ukingoni na kutoboka, na turbo imelegea hata shafti yake ikicheza mkononi. Kisha fundi aliyeifungua akatuonyesha kitu ambacho hakuna aliyekitafuta tangu mwanzo. Mpira unaopeleka hewa kutoka kwenye turbo ulikuwa na ufa upande wa chini, wa zamani, umejaa mafuta na vumbi.

Tafadhalini fikirini jambo hili kwa makini. Gari lilikuwa zito kwa sababu hewa ilikuwa ikivuja. Kompyuta iliona hewa ni haba, nayo ikapunguza mafuta ili kuikinga injini. Uzito ule aliolalamikia dereva ulikuwa ni kinga ikifanya kazi yake. Kijana alikuja akaondoa kinga, mafuta yakamiminwa pale pasipo hewa ya kutosha, joto likazidi, na turbo ikaendelea kujichosha kufidia hewa iliyokuwa ikitoka kwenye ufa. Siwezi kuapa kwamba hakukuwa na sababu nyingine, kwani fundi alisema nozeli moja nayo ilikuwa imechoka. Lakini mpira ule, mpya, haukufika hata nusu ya fedha alizolipwa kijana.

Tulipomtafuta kijana arudishe programu ya asili, alijibu kwamba hakuihifadhi. Aliandika juu yake. Hili nalo liwekeni moyoni, kwa sababu kuandika kwenyewe kuna hatari, hata kama tarakimu zote ni sahihi. Kazi huchukua dakika kadhaa, swichi ya gari ikiwa imewashwa na injini imezimwa, huku betri ikishuka. Umeme ukipungua katikati, au waya ukilegea, kompyuta hubaki na nusu ya maandishi, na gari haliwaki tena. Waya nyingi zinazouzwa rahisi ni za kuiga, na programu zake ni za wizi. Aidha, faili la intaneti huwa limetoka katika gari la mtu mwingine, lenye nozeli nyingine na mafuta ya nchi nyingine. Magari mawili ya jina moja na mwaka mmoja yanaweza kuwa na programu zisizolingana.

Kwa wenye magari ya petroli nitasema machache. Huko hatari kubwa ni kuwahisha cheche. Petroli ikiwa hafifu hulipuka kabla ya wakati wake, injini hugonga kama mtu anayepiga debe kwa msumari, na pistoni huvunjika. Basi.

Dereva mmoja aliniuliza, mbona hata wakubwa wa Ulaya walichezea kompyuta za magari yao? Ni kweli. Mwaka 2015 ilibainika Marekani kwamba Volkswagen iliweka katika magari yake ya dizeli programu iliyotambua kuwa gari linapimwa moshi, ikapunguza sumu kwa muda huo tu. Magari yaliyohusika duniani yalikuwa yapata milioni 11. Mwaka 2017 kampuni hiyo ilikiri makosa na kukubali kulipa Marekani adhabu za dola bilioni 4.3. Kama huo ni mfano, basi ni mfano wa aliyekamatwa.

Kuna pia habari ya bima. Someni mkataba wenu. Mwenye bima hutakiwa kueleza mabadiliko yaliyofanywa kwenye gari, na kampuni itakayogundua kwamba injini imeongezwa nguvu kwa siri ina sababu ya kukataa madai.

Hasara ya chama kile, yaani injini, turbo, na malori ya kukodi hadi mwisho wa msimu, ilikuwa shilingi 9,600,000. Chama kilikusanya kilo 120,000. Hiyo ni shilingi 80 kwa kila kilo. Katika mkutano mkuu alisimama mama mmoja mtu mzima aliyeleta kilo 400, akakatwa 32,000, akauliza: "Je, mimi ndiye niliyeomba gari liende mbio?" Mwenyekiti wake hakumjibu. Nami nilikuwa nimeketi meza ya mbele nikitazama karatasi zangu.

Sisemi kwamba kazi hii haifanyiki vizuri popote. Wapo wataalamu wenye mashine ya kupimia nguvu za gari likiwa limesimama, ambao hupima joto la ekzosi na hewa kabla na baada, na huhifadhi programu ya asili. Lakini gari la kubebea kahawa ya watu 300 sioni linatafuta nini kwao. Gari likiwa zito, kwanza chujio, mipira ya hewa, nozeli, breki zinazoshika, na gunia zilizozidi. Na jambo lolote litakalogusa kontroli boksi lipite katika bodi, liandikwe katika muhtasari, na stakabadhi itaje kazi iliyofanywa kwa jina lake. Neno "sevisi" peke yake sitalipitisha tena.

Sasa daftari. Nimekuja na nakala za ukurasa wake, zigawanywe. Mtaona safu ya kilomita, safu ya lita, na safu ambayo wengi huiacha tupu, ya kilomita kwa lita. Hesabu hiyo haitoki sawa endapo tangi halijazwi mpaka juu kila linapotiwa mafuta. Ndugu madereva, naomba tuanze na ninyi: wangapi kati yenu hujaza mpaka juu, na wangapi hutia ya shilingi elfu 20 na kuondoka?