Simu na Hodi



Mwezi wa Machi 2020, makanisa ya Kenya yalipofungwa kwa sababu ya ugonjwa wa Korona, sisi wachungaji tulihubiri kwa simu na intaneti. Neno likamfikia hata mgonjwa kitandani. Tunamshukuru Mungu. Lakini leo, milango ikiwa wazi, yuko mzee apataye mahubiri kila asubuhi katika simu, wala hakuna abishaye hodi mlangoni pake.

Sisi Walutheri tumkumbuke Martin Luther. Alipofichwa katika ngome ya Wartburg, Ujerumani, aliwaandikia Wakristo wa Wittenberg, na maandiko yake yakapigwa chapa. Hata hivyo fujo mjini hazikutulia. Mwezi wa Machi 1522 alirudi mwenyewe, akahubiri siku 8 mfululizo, na mji ukatulia.

Basi, asubuhi tutume neno kwa simu. Alasiri tuende kwa miguu. Simu haishiki mkono wa mgonjwa, wala haimpi mkate na divai. Nawe unayetusikiliza, ni nani anayekungoja?

Bwana awabariki. Amina.