KIJITI CHA GIA NA POSHO YA DEREVA
(Maneno ya Katibu katika mkutano wa wanachama)



Tunaanza na kosa letu sisi viongozi. Pikapu ya ushirika ilipokwama kule mtoni na magunia ya mahindi, tulisema dereva ameua giaboksi. Tukamkata posho ya wiki mbili, wala hatukumwuliza. Fundi mmoja akatuambia giaboksi nzima itolewe, nasi tukaanza kuzinyemelea fedha za mbolea.

Na dereva alikuwa akisema tangu masika: "Jamani, kijiti cha gia kinacheza kama mwiko chunguni." Tukacheka.

Basi Jumamosi tumefungua wenyewe chini ya mwembe. Tuliweka mawe kwenye magurudumu, tukavuta hendibreki, gia ikawa frii. Tukafungua kirungu cha juu na skrubu za ule mpira wa sakafuni. Chini yake kuna kifuniko cha chuma. Tukavuta weee, hakitoki. Kijana mmoja akaagiza nyundo. Ndugu dereva akasema laa, kibonyezeni kwanza, halafu mkizungushe kinyume cha saa. Kikaachia, kijiti kikatoka. (Tumechora picha pembeni. Msitucheke, kalamu tumeishika ukubwani.)

Ncha ya kijiti ni ya mviringo kama gololi, nayo huvaa kikofia cha plastiki, ndiyo bushi. Yetu ilikuwa vipande vitatu, na ncha yenyewe imelika. Mkono unasukuma juu, huku chini hakisukumwi kitu! Giaboksi haikuwa na ugonjwa. Tukanunua kijiti kilichotumika na bushi mpya.

Hapa msikilize sana. Lile shimo linaingia moja kwa moja ndani ya giaboksi. Mchanga au nati ikidondoka humo, ndipo mtaiua kweli. Sisi tuliliziba kwa kitambaa safi kijiti kilipotoka tu, na vile vipande tulivihesabu mpaka vikatimia. Kisha grisi, ncha ikakaa mahali pake, kifuniko kikabonyezwa na kuzungushwa kama saa iendavyo. Injini ikiwa imezimwa tulikanyaga klachi tukajaribu gia zote pamoja na rivasi, ndipo tukawasha.

Mwenye gari dogo asikimbilie kufungua hivi. Mengi ya hayo injini imekaa kikingama, na kijiti huvuta nyaya tu. Hiyo ni kazi nyingine.

Posho ya dereva imerudishwa yote jana, na tumemwomba radhi mbele ya mzee wake. Fedha za mbolea zipo, daftari liko kwa mtunza hazina, njooni mlisome. Gari litaondoka Jumatatu saa 11 alfajiri. Wenye magunia waandikishe stoo kabla ya Jumapili jioni.