Mgeni wa Kaskazi: Likizo ya Desemba Kisiwani Unguja na Wajibu wa Mwislamu

(Hotuba iliyotolewa msikitini katika mkutano wa mwezi, mwanzoni mwa Desemba)

Baada ya kumhimidi Mwenyezi Mungu na kumtakia rehema na amani Mtume Wake Mtukufu (s.a.w.):



Kama mjuavyo, shule zimefungwa, na ofisi nyingi zitafungwa karibuni kwa ajili ya sikukuu ya Krismasi na mwaka mpya. Katika siku hizi nimeulizwa maswali mawili. Ndugu wa huku Dar es Salaam wameuliza: "Je, yafaa tuwachukue watoto kwenda kupumzika Unguja, hali siku zenyewe ni za sikukuu isiyo yetu?" Na ndugu zetu wa Unguja, ambao wengi wao hufanya kazi katika mahoteli, wameuliza: "Nasi tuwapokeeje wageni wanaojaa kisiwani mwetu katika siku hizo?" Mmoja anauliza habari ya kwenda, na mwingine anauliza habari ya kupokea. Nitayajibu yote mawili kwa pamoja, kwani mgeni na mwenyeji wote ni wachungaji, na kila mchungaji ataulizwa juu ya alichokichunga.

Kwanza, kusafiri si dhambi. Katika Sura Al-Ankabut Mwenyezi Mungu ametuamrisha tutembee katika ardhi na tutazame jinsi alivyoanzisha viumbe. Na katika sura nyingine amewalaumu wale waliopita penye magofu ya waliotangulia, macho yao yakaona lakini mioyo yao isione. Basi safari ya Mwislamu ni ya macho na moyo pamoja. Amemwekea msafiri wepesi wa kufupisha Sala, na Mtume Mtukufu (s.a.w.) ametufahamisha kwamba dua ya msafiri hujibiwa. Mtu aliyepewa zawadi hizo mbili hawezi kusema kwamba akiwa safarini amepewa ruhusa ya kuiacha dini yake nyumbani.

Ama kuhusu sikukuu yenyewe, sisi hatuifanyi kuwa ibada yetu. Hata hivyo, Nabii Isa (a.s.) ni Mtume wetu pia, na Kurani Tukufu imetusimulia kuzaliwa kwake chini ya mtende, mama yake akiwa peke yake katika uchungu, naye akaelekezwa kwenye maji na tende mbivu. Hatuna sababu ya kumbughudhi jirani anayemkumbuka siku hiyo, wala hatuna sababu ya kumwiga katika yaliyokatazwa. Likizo ni wakati, na wakati ni amana, uwe umetolewa kwa ajili ya Idi yetu au kwa ajili ya sikukuu ya wengine.

Ndugu zangu, yatupasa kukumbuka kwamba Unguja haikuanza kupokea wageni wa Desemba juzi zilipojengwa hoteli. Mwezi huu ndio upepo wa kaskazi unapoanza kushika, nao huvuma hata mwezi wa Machi. Kwa karne nyingi upepo huo ndio uliosukuma majahazi kutoka Uarabuni, Ghuba na Bara Hindi mpaka mwambao wetu. Wageni wale hawakuweza kuondoka wapendapo, bali iliwalazimu kungoja upepo wa kusi uwarudishe kwao. Hivyo walikaa miezi. Wakanunua na kuuza, wakapanga nyumba, wengine wakaoa, na watu wa hapa wakapata muda wa kuwatazama: wanapimaje mizani? Wanalipaje deni? Wanafanya nini jua linapozama?

Haikuwa jeshi lililoleta Islam katika mwambao huu. Ililetwa na wageni wa kaskazi, na ikakubaliwa na wenyeji waliowatazama wageni hao wakaridhika na walichokiona. Kila Alhamdulillahi isemwayo leo Unguja ina asili yake katika mgeni mwaminifu na mwenyeji mkarimu.

Ushahidi upo. Wageni wengi wa Desemba huenda Kizimkazi, kusini ya kisiwa, ili kuwaona pomboo baharini. Ni wachache wanaosimama Dimbani, ambako pana msikiti mdogo. Nje hauonyeshi fahari yoyote, na jengo lenyewe limefanyiwa matengenezo katika zama mbalimbali. Lakini ndani, upande wa kibla, yapo maandishi yaliyochongwa kwa hati ya Kikufi, yanayotaja mwaka 500 wa Hijria, yaani mwaka 1107 wa Kikristo. Zaidi ya miaka mia tisa watu wamesujudu mahali hapo. Mzazi aliyempeleka mtoto wake kuwatazama pomboo, akampitisha mbele ya mlango huo bila kumwingiza asali rakaa mbili, amemwonyesha bahari na kumficha hazina.

Lakini, enyi ndugu, Kurani Tukufu imetuamrisha katika Sura An-Nisaa tusimamie haki na tutoe ushahidi wa kweli hata ikiwa ni juu ya nafsi zetu, au wazazi wetu, au jamaa zetu. Kwa hiyo haitoshi kumpeleka mtoto Kizimkazi na kumwambia, "Tazama wazee wako walivyokuwa wema." Mpeleke pia Mkunazini, katika Mji Mkongwe.

Pale Mkunazini palikuwa na soko la watumwa. Mwaka 1873 Seyyid Barghash, akishurutishwa na Waingereza, alitia saini mkataba wa kulifunga, na mwaka ule ule Wamisionari wa Kianglikana wakaanza kujenga kanisa kuu mahali hapo hapo. Hata hivyo hali ya utumwa ilibaki ikitambuliwa na sheria mpaka mwaka 1897. Leo nje ya kanisa hilo pana shimo lenye sanamu za watu waliofungwa minyororo shingoni, zilizowekwa mwaka 1998. Mgeni wa Ulaya husimama pale, akatazama, kisha akamgeukia kijana wetu anayemwongoza na kumwuliza, "Waliouza watu hawa walikuwa nani?"

Kijana atajibu nini? Wapo wanaogeuza maneno. Wapo wanaosema kuwa wanunuzi walikuwa Wafaransa, na ni kweli wengine walikuwa Wafaransa. Wapo wanaosema kuwa makabila ya bara ndiyo yaliyouzana, na ni kweli yapo yaliyofanya hivyo. Lakini ukweli kamili ni kwamba miongoni mwa wafanya biashara na mabwana walikuwamo watu waliosali Ijumaa, waliofunga Ramadhani, na walioandika Bismillahi juu ya milango yao. Hali dini yao iliwaambia katika Sura Al-Balad kwamba njia ya kupanda mlima mgumu ni kumwacha huru mtumwa, na kumlisha yatima na maskini siku ya njaa. Walisoma sura hiyo katika Sala, kisha wakaenda sokoni.

Je, kusema hivyo ni kuitukana Islam? La hasha! Kunyamaza ndiko kunakoitukana, kwani mwenye kunyamaza huwafanya watu wadhani kwamba dini ndiyo iliyoamrisha. Anayesema, "Hawa walikuwa Waislamu, nao waliivunja amri ya Kitabu chao," ameitakasa dini na amesema kweli. Namwomba kila mzazi atakayekwenda kisiwani mwezi huu asimame penye shimo lile pamoja na wanawe na aseme maneno hayo. Kisha arudi nyumbani kwake na kumtazama mtumishi wa ndani: analala wapi? Anakula saa ngapi? Mshahara wake wa Novemba umelipwa? Mtume Mtukufu (s.a.w.) amehimiza kwamba mfanyakazi alipwe ujira wake kabla jasho lake halijakauka. Tusimlilie mtumwa wa mwaka 1873 tukamsahau msichana aliyeachwa kulinda nyumba wakati sisi tuko pwani tunastarehe.

Jambo la tatu ni la Beit al-Ajaib. Jumba hilo lilijengwa mwaka 1883 kwa amri ya Seyyid Barghash, nalo lilikuwa fahari ya ufuko wote wa Mji Mkongwe. Mwaka 2000 Mji Mkongwe uliingizwa katika orodha ya UNESCO ya Urithi wa Dunia. Na tarehe 25 Desemba 2020, yaani siku yenyewe ya Krismasi, wageni wakiwa kisiwani, sehemu kubwa ya jumba hilo ilianguka wakati likifanyiwa matengenezo, na watu wawili wakapoteza maisha. Inna lillahi wa inna ilaihi rajiun.

Mafundi wa Mji Mkongwe watakueleza jinsi nyumba za namna hii zinavyokufa. Kuta ni za mawe ya matumbawe na chokaa, na dari hubebwa na boriti za mikoko au miti mingine. Nyumba hizo huweza kusimama karne nyingi, mradi zisiingie maji. Paa likivuja na lisizibwe, maji hupenya ukutani, chokaa hulegea, ncha za boriti huoza mle ndani zisikoonekana. Kwa nje nyumba yaonekana nzima, na watu huipiga picha. Kisha siku moja hushuka.

Ndugu zangu, imani ya mtu ni kama nyumba hiyo. Haiangushwi kwa siku moja na likizo moja. Huanza na tundu dogo: Alfajiri iliyoachwa kwa sababu tumelala usiku wa manane, glasi iliyoonjwa kwa sababu hakuna anayetujua, mzaha uliovuka mpaka. Mwenye nyumba husema, "Nitaziba mwaka ujao." Mvua haingojei mwaka ujao. Basi wakati wa mapumziko ndio wakati wa kupanda darini na kutafuta tundu.

Sasa nitoe nasaha chache. Kwa yule anayekwenda:

Moja, weka nia. Sema, "Nakwenda kutazama kazi ya Mola wangu, kuunga udugu na kuwafundisha wanangu." Ukiwa na nia hiyo, hata kuogelea kwako kutakuwa na thawabu.

Mbili, usifanye israfu. Kurani Tukufu imewaita wafujaji kuwa ndugu za mashetani. Usikope ili upige picha ufukweni, kisha mwezi wa Januari mtoto arudishwe nyumbani kwa kukosa mahitaji ya shule. Na katika israfu ipo israfu ya maji. Kisiwa hutegemea maji ya mvua yaliyohifadhiwa ardhini, na katika vijiji vya pwani wapo akina mama wanaoyafuata maji kwa ndoo, hali upande wa pili wa ukuta mgeni anayaacha yamwagike. Mtume Mtukufu (s.a.w.) alikataza kuyafuja maji hata katika kutawadha penye mto unaopita.

Tatu, chunga haya. Maji yanapokupwa kule Paje na Jambiani, utawaona akina mama wakiinama katika mashamba yao ya mwani. Hao si mapambo ya pwani. Ni mama zako, wapo kazini. Usiwapige picha pasipo idhini yao. Watolee salamu, na ukinunua kwao usiwapunje.

Na kwa yule anayepokea:

Mithali yetu husema mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Mtume Mtukufu (s.a.w.) alimpa mgeni siku tatu kamili, na akaufungamanisha ukarimu huo na kumwamini Mungu na Siku ya Mwisho. Hakusema mgeni Mwislamu tu. Wakristo wa Najrani walipomjia Madina aliwapokea katika msikiti wake. Basi dereva anayemtoza mgeni mara tatu kwa kuwa hajui bei, na papasi anayemng'ang'ania mtu mpaka akereke, wajue kwamba wanaibomoa kazi waliyoijenga wageni wa kaskazi. Watu waliingia katika Islam kwa kuiona mizani ya haki. Je, leo watu waikimbie kwa kuiona mizani yetu?

Wala ukarimu si kuuza dini. Mgeni akitembea mjini katika mavazi yasiyofaa, mwambie kwa upole, wala usimzomee. Wengi hawajui, na wakiambiwa husikia. Kazini ukitakiwa kubeba pombe, omba kwa adabu upewe kazi nyingine, na uendelee kutafuta, ukijua kwamba mwenye kumcha Mungu hufunguliwa njia asiyoitazamia. Na nyinyi wenye uwezo, msiwahubirie tu vijana hawa. Anzisheni kazi za halali muwaajiri, kwani hotuba bila ajira ni mzigo juu ya mwenye njaa.

Enyi ndugu, katika miezi ya kusi majahazi yaliondoka na wageni wakarudi kwao. Mali walizoleta ziliuzwa, zikaliwa, zikaisha. Kilichobaki ni mambo mawili tu: jina la Mungu lililochongwa Kizimkazi, na minyororo ya Mkunazini. Yote mawili yaliachwa na watu waliopita katika bahari hii hii mtakayopita nyinyi. Basi kila mmoja wetu, arudipo Januari, ajiulize ameacha kipi katika viwili hivyo.

Mwenyezi Mungu awalinde wasafiri wetu baharini na nchi kavu, awabariki wenyeji wetu kwa riziki ya halali, na atujaalie tuwe wageni wema katika dunia hii ambayo sote tunapita tu. Amin.

Wa aakhiru daawana anilhamdu lillahi Rabbil aalamin.