Nchi Jirani: Dawa za Saratani na Malango ya Seli



Yeyote aliyewahi kushika zamu katika kituo cha mpakani, kiwe cha Mutukula au cha Namanga, anajua kwamba kazi kubwa ya ulinzi iko langoni: nani aingie, nani atoke, na kwa kibali gani. Leo tunazungumzia malango ya namna nyingine, madogo kiasi kwamba darubini ya kawaida haiyaoni. Malango hayo yamo katika utando wa kila chembe hai ya mwili wa binadamu, yaani seli. Habari hii inawahusu majirani zetu wa Uganda na Kenya kama inavyotuhusu sisi, maana wagonjwa wa saratani wa nchi hizi tatu hupewa dawa zile zile, na mara nyingine huvuka mipaka hiyo hiyo wakiifuata tiba.

Uganda ina historia yake katika jambo hili. Daktari Denis Burkitt, ambaye wakati wa Vita Kuu ya Pili alitumika Kenya na Somalia akiwa daktari wa jeshi la Uingereza, baadaye alikuwa mpasuaji katika hospitali ya Mulago, Kampala. Mwaka 1958 alitangaza maelezo ya uvimbe wa taya uliokuwa ukiwaua watoto, na mwaka 1961 akafunga safari ndefu ya gari kutoka Uganda hadi kusini mwa Afrika, akiuliza hospitali kwa hospitali ni wapi ugonjwa ule ulikoonekana. Ikadhihirika kwamba uvimbe huo huweza kuyeyuka kwa dawa katika muda wa siku chache. Mwaka 1967 kikafunguliwa Kampala kituo ambacho leo ni Taasisi ya Saratani ya Uganda. Wataalamu wa Kimarekani walipoondoka mwaka 1972, katika utawala wa Idi Amin, kazi haikusimama: ilishikwa na daktari wa Uganda, Charles Olweny.

Hata hivyo, swali moja limewasumbua madaktari kila mahali. Kwa nini dawa iyeyushe uvimbe wa mgonjwa huyu, na dawa hiyo hiyo imshinde yule aliyelala kitanda cha pili? Sehemu ya jibu, nasema sehemu tu, imo katika malango tuliyoyataja.

Chumvi inapoyeyuka majini hugawanyika kuwa chembe zenye nguvu ya umeme, ziitwazo ioni. Seli hai huweka potasiamu nyingi ndani yake na huiacha sodiamu nyingi nje. Kila aina ya ioni ina malango yake katika utando, nayo hufunguka na kufungwa kwa amri. Pamoja na malango zipo pampu, zinazosukuma ioni upande zisikotaka kwenda. Wawindaji wa Kigiriama na wa Kikamba nchini Kenya, waliopaka mishale yao sumu ya mti wa msunguti, waliyajua matokeo kabla ya wataalamu kuyajua maelezo: sumu ile huzuia pampu ya sodiamu na potasiamu, na moyo wa mnyama husimama.

Sasa tuitazame dawa iitwayo sisplatini. Mwaka 1965, huko Michigan, Marekani, Barnett Rosenberg na wenzake walitangaza kwamba bakteria waliopitishiwa umeme waliacha kugawanyika. Kumbe kisa hakikuwa umeme, bali madini ya platinamu yaliyotoka katika vyuma vilivyoupitisha. Mwaka 1978 dawa iliyotokana na ugunduzi huo iliruhusiwa Marekani. Hufanya kazi kwa kuzifungasha nyuzi za urithi ndani ya seli, hata seli ishindwe kugawanyika, ife. Tangu mwaka 1999 imekuwa kawaida kuwapa dawa hii wengi wa wanawake wenye saratani ya shingo ya kizazi, mara nyingi kila wiki, pamoja na mionzi. Saratani hiyo ndiyo inayozijaza wodi za Kampala, Nairobi na Dar es Salaam.

Lakini dawa hiyo huingiaje ndani? Mwaka 2015 wataalamu wa Berlin, Ujerumani, wakishirikiana na wenzao wa Uholanzi, walionyesha kwamba lango moja lina sehemu kubwa katika kazi hiyo. Kazi yake ya siku zote ni kulinda ukubwa wa seli. Seli ikivimba kwa maji, lango hufunguka, kloridi hutoka, maji huifuata, na seli hurudia kimo chake. Katika seli walizozipima, karibu nusu ya sisplatini iliyoingia ilitegemea lango hilo. Walipoziondoa sehemu mbili zinazoliunda, seli za saratani zilihimili dawa ambayo ingeziua. Tena kuna la pili. Seli inayokufa hulihitaji lango hilo hilo ili isinyae na kumaliza kufa. Basi saratani iliyolipoteza hujiokoa mara mbili: dawa haiingii ya kutosha, na hata ile inayoingia haikamilishi kazi.

Ni vema jambo hili lisemwe waziwazi, kwa sababu katika nchi zetu mgonjwa ambaye dawa imemshinda huambiwa amerogwa, au kwamba hospitali imempa dawa bandia, naye huchukuliwa usiku kwa mganga. Mara nyingi hakuna mchawi wala mwizi wa dawa. Pengine ni lango lililofungwa, na huenda ipo dawa nyingine inayopita kwingine. Anayetoroka wodini hujinyima nafasi hiyo.

Malango haya yana upande wake mchungu. Oksaliplatini, dawa ya ukoo huo huo, huvuruga malango ya sodiamu katika mishipa ya fahamu. Mgonjwa akigusa maji ya alfajiri ya Kabale au Limuru huhisi vidole vinachomwa sindano. Arseniki, inayotibu aina moja ya saratani ya damu, huziba lango la potasiamu la moyo, na mapigo yaweza kupotea utaratibu. Lango hilo la moyo limekutwa kwa wingi katika seli za saratani kadhaa. Wataalamu wanatamani kulishambulia kwenye uvimbe, lakini moyo uko pale pale, mateka mikononi mwa adui. Nayo sisplatini huumiza figo, zikapoteza magnesi na potasiamu. Ndiyo maana mgonjwa huwekewa dripu ya maji ya chumvi.

Mwaka 2016 mashine pekee ya mionzi ya Kampala ilipoharibika, dunia nzima ilisikia, na baadhi ya wagonjwa walipelekwa Nairobi. Mashine mpya ilizinduliwa mwaka 2018. Kilio kile kilikuwa cha haki. Lakini maabara inapokosa kemikali za kupimia potasiamu, hakuna gazeti linaloandika, ilhali kipimo hicho ndicho kinachomwezesha daktari kuitoa dawa bila kuuhatarisha moyo. Kipimo cha lango lile la Berlin bado ni cha watafiti. Cha potasiamu, cha magnesi na cha figo ni vya hospitali ya kawaida, na askari anayemsindikiza mkewe ana haki ya kuuliza kama vimefanywa kabla dripu haijafungwa.

Kwa wale wa mizinga, na kwa polisi waliofundisha shabaha miaka mingi: sisplatini hudhuru pia masikio. Mwenye masikio yaliyokwisha kuumizwa na milio ya silaha amweleze daktari kabla ya dozi ya kwanza, ili asikio lake lipimwe mapema, na asisubiri mpaka mlio uanze kuvuma kichwani.